Shifti masaa 12, limiti ya silika ya masaa 8: tupunguze kiasi gani?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni sefti ofisa kwenye mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi huku Kanda ya Ziwa. Tunapiga shifti ya masaa 12, siku 14 kazini siku 7 nyumbani. Alikuja mshauri akampima vumbi la silika opereta wa mashine ya kuchoronga, akapata 0.04 kwa limiti ya 0.05, ripoti ikaandika tuko salama na bosi kaipenda sana. Sasa kuna mwenzangu aliwahi kufanya kazi Australia, anasema kwa masaa 12 limiti inakatwa nusu. Mwingine anasema hapana, ile wiki ya mapumziko inafidia. Nani yuko sahihi? Na kama tunapunguza, tunapunguza kwa kila kitu?

Jibu: Marahaba kijana wangu. Hili swali nimeulizwa mara nyingi lakini wewe umelileta na namba zote, kwa hiyo ngoja nikujibu kwa namba zako mwenyewe. Kwa kifupi: hiyo ripoti imekosea, mwenzako wa Australia yuko karibu na ukweli ila nusu sio lazima, na huyo wa "wiki ya mapumziko inafidia" ndio kapotea zaidi ingawa hoja yake inasikika tamu kuliko zote.

Tuanze na hiyo 0.05 yenyewe. Ni miligramu 0.05 za silika kwenye kila mita moja ya ujazo ya hewa, yale mavumbi laini kabisa ambayo hata huyaoni yanayoshuka mpaka chini ya mapafu, na ni wastani wa masaa 8 kwa mtu anayefanya kazi wiki ya masaa 40. Watu wanaikariri namba wanasahau mkia wake. Hata ile 0.05 ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya na usalama kazini, ambayo wameiandikia siku ya hadi masaa 10, mwisho wake bado unasema wiki ya masaa 40. Wewe opereta wako ndani ya wiki ya kazi anapiga 84. Sasa unamlinganisha na nani hapo?

Fanya hesabu ya mtoto wa darasa la sita. Mtu anayefanya kazi ya kawaida huwa tunakadiria anavuta mita za ujazo 10 za hewa kwa masaa 8. Akikaa kwenye hewa ya 0.05 masaa 8, kaingiza miligramu 0.5 za silika siku hiyo. Opereta wako kakaa masaa 12, kwa hiyo kavuta mita 15, mara 0.04 unapata 0.6. Yaani huyu wa kwako ambaye ripoti inasema yuko "chini ya limiti" kala vumbi jingi kuliko yule aliye pale pale kwenye limiti. Na hapo sijaweka kwamba kule chini kuna joto na kazi yenyewe nzito, mtu anahema kwa nguvu, hizo mita 15 ni za huruma.

Sasa hoja ya mapumziko. Hii inawapoteza wengi, hata mimi zamani niliikubali. Chukua mwaka mzima: mzunguko wenu ni siku 21, kwa mwaka inaingia kama mara 17 na kidogo, mara siku 14 unapata shifti 243 hivi. Mtu wa ofisini wa Jumatatu mpaka Ijumaa ana siku 260. Tofauti ni ndogo mno (likizo ya mwaka weka pembeni, wote wanayo). Kwa maneno mengine ile wiki moja ya kukaa nyumbani ni wikiendi zenu tu zimekusanywa zikawekwa sehemu moja! Haifidii chochote kuhusu yale masaa 4 ya ziada kila siku. Ukizidisha, wa ofisini ana masaa 2,080, opereta wako ana 2,920 na kidogo. Gawanya la kwanza kwa la pili, unapata 0.71. Iweke hiyo namba mfukoni tutairudia.

Alafu kuna kitu hakipo kwenye fomula yoyote. Nenda kawaulize vijana wako wiki ya mapumziko wanafanya nini. Nusu yao utakuta wana hisa kwenye duara (shimo la wachimbaji wadogo) mahali, au mtu ana karasha lake kijijini anaenda kusimamia, mawe ya kwartzi yanasagwa makavu yeye kasimama pale na kitambaa puani. Kuna vipimo vya silika vya wachimbaji wadogo wa dhahabu hapa Tanzania vilivyochapishwa 2015, kwenye kuchoronga chini ya ardhi wastani ulikuwa 16.85. Sio 0.16, ni kumi na sita nukta themanini na tano, mara 337 ya hiyo 0.05 yako. Sasa mtu kama huyo siku 7 zake nyumbani zinaweza kumpa vumbi kuliko siku 14 za kwenu, na wewe umempigia hesabu kwamba anapumzika.

Turudi kwenye fomula. Maarufu kuliko zote ni ya wataalamu wawili, Brief na Scala, waliitoa 1975, na ndio hiyo mwenzako anaiongelea. Inasema hivi: chukua 8 gawanya kwa masaa ya shifti, alafu zidisha kwa masaa ya kupumzika gawanya kwa 16. Kwa masaa 12 ni 8 kwa 12 mara 12 kwa 16, inatoka 0.5. Limiti yako ya 0.05 inakuwa 0.025. Ukiangalia ina vipande viwili, cha kwanza kinakuadhibu kwa kukaa muda mrefu kwenye vumbi, cha pili kinakuadhibu kwa kukosa muda wa mwili kujisafisha kabla ya shifti ya kesho. Na hicho cha pili ndicho kinacholeta ugomvi kati yetu wataalamu.

Picha yangu huwa ni dumu lenye tobo chini. Ukimimina maji masaa 8, linajaa kiasi, usiku linavuja, asubuhi unalikuta karibu tupu. Ukimimina masaa 12 linajaa zaidi na muda wa kuvuja umepungua, kwa hiyo asubuhi bado lina maji na wewe unaanza kumimina tena juu yake. Kwa sumu za namna hiyo Brief na Scala wako sahihi kabisa, muda wa mapumziko ya usiku una maana kubwa. Lakini silika sio maji, ni mchanga. Ukimwaga mchanga kwenye dumu lile lile, tobo linaziba. Kinachotoka usiku ni kidogo sana, iwe umepumzika masaa 16 au 12, mapafu yanahesabu jumla ya miaka. Kwa hiyo kwa silika mimi sioni sababu ya nguvu ya kupigania mapumziko ya usiku mmoja, naangalia masaa ya rosta nzima.

Hapo ndipo nawapenda watu wa Quebec kule Kanada. Wao kwanza wanakuuliza hii sumu inaumiza vipi. Kama inaumiza ndani ya siku hiyo hiyo, unapunguza kwa siku: 8 gawanya kwa masaa ya shifti. Kama inaumiza kwa kujilimbikiza, unapunguza kwa wiki: 40 gawanya kwa wastani wa masaa ya wiki kwenye mzunguko mzima. Kama inafanya yote mawili, unachukua jibu kali zaidi. Na namba ikizidi 1 unaiacha 1, huruhusiwi kupandisha limiti eti kwa sababu watu wanafanya kazi masaa machache (nimeshaona mtu kajaribu, tena kwa sura ya uchangamfu kabisa). Rosta yenu ni masaa 168 ndani ya wiki tatu, wastani 56. 40 kwa 56 ni 0.71. Unaikumbuka? Ni ile ile niliyokwambia uweke mfukoni. Limiti inakuwa 0.036 hivi.

Brief na Scala nao wana fomula ya wiki: 40 kwa masaa ya wiki, mara 168 toa masaa ya wiki, gawanya kwa 128. Ukiingiza wastani wa 56 unapata 0.625, limiti 0.031. Ukiingiza 84 ya wiki mnayokuwa site ile 0.625 inashuka mpaka 0.31, ambayo kwa kitu cha miaka naona ni kupitiliza. Wamarekani wa MSHA, wale wa migodi, kwenye kanuni yao ya silika ya 2024 hawakutaka fomula kabisa. Kanuni inasema upime shifti nzima, ujumlishe vumbi lote, ugawanye kwa dakika 480 hata kama umefanya kazi dakika 720. Kwa hiyo 0.04 yako ya masaa 12 kwao inasomeka 0.06, na limiti ya kanuni hiyo ni 0.05. Wachile wao wameweka fomula ya masaa kwenye sheria kabisa, tena wana na ya mwinuko, ukiwa juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari unapunguza tena kwa sababu hewa ni nyepesi, migodi yao mingine iko zaidi ya mita 4,000. Cha kuchekesha ni kwamba Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 hivi, maana yake Kanda ya Ziwa yote ingekuwa Chile nyie mngekatwa tena asilimia kumi na kitu. Sikwambii mfanye hivyo, nakwambia ujue dunia inaendaje.

Sasa angalia: 0.025, 0.031, 0.036, na kwa njia ya MSHA limiti imebaki 0.05 ila kipimo kimepanda 0.06. Njia nne, na kwa zote nne mmezidi. Kwa hiyo usiingie kwenye ubishi wa fomula na bosi wako maana ubishi wa fomula ndio mahali ambapo mambo huwa yanaenda kufia, kikao kinaisha watu wamechoka na vumbi liko pale pale. Mwambie tu: bosi, kuna njia nne zinazojulikana duniani, tuchague yoyote unayoipenda wewe. Ubishi ungekuwa wa haki kama rosta yenu ingekuwa 14 kwa 14. Hapo wastani ni masaa 42 kwa wiki, kwa Quebec limiti ni 0.048 mngepita, kwa Brief na Scala ya siku 0.025 mngefeli. Kwenu hakuna huo mwanya.

Swali lako la mwisho, tunapunguza kila kitu? HAPANA, na hapa naomba usikie kutoka kwa mtu aliyeunguza vidole. Miaka ya mwanzo kabisa nikiwa kwenye mgodi mmoja, nilikuwa nimetoka kwenye kozi, kichwa kina moto, nikachukua orodha yote ya kemikali nikazidisha kwa 0.5 kuanzia juu mpaka chini. Ikiwemo gesi ya sianidi kwenye matenki ya kuchenjulia, ambayo limiti yake ya 4.7 ppm (sehemu 4.7 kwa kila milioni ya hewa) sio wastani, ni dari, yaani haitakiwi kuvukwa hata dakika moja. Nikashusha alamu mpaka nusu yake. Ikawa inalia asubuhi mpaka jioni, upepo ukigeuka inalia, mtu akifungua kifuniko inalia. Baada ya wiki mbili napita pale naona kimya, nikafurahi. Nikasogea karibu nikakuta kijana mmoja kaizungushia sensa selotepu, kaifunga vizuri kama kidonda. Sikumlaumu. Nilikuwa nimeifanya alamu iwe kelele tu. Dari haijali umefanya kazi masaa mangapi, na zile limiti za dakika 15 hivyo hivyo, gesi za baada ya kulipua kama nitrojeni daioksaidi ukizivuta kwa wingi hata kwa muda mfupi zinakuumiza, iwe saa ya kwanza au ya kumi na mbili. Hizo ziache zilivyo.

Kaboni monoksaidi ndio dumu la maji hasa, kwenye damu inapungua nusu kwa kila masaa manne mpaka matano ukiwa kwenye hewa safi, kwa hiyo punguza kwa masaa ya siku. Moshi wa dizeli unaogopewa kwa kansa, hiyo ni ya miaka, ipeleke kwenye rosta pamoja na silika. Zebaki kama mnayo popote hukaa mwilini wiki nyingi, nayo ni rosta.

Kelele ina sheria yake na watu wa sefti wengi wanaisahau wakiongelea masaa 12. Desibeli 85 ni za masaa 8, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu. Kwa masaa 12 unatakiwa ushuke mpaka 83.2. Inaonekana ndogo, ila kinyume chake ndio kinatisha: kwenye desibeli 100, na mashine za kuchoronga zinafika huko na kupita, muda wako wa siku nzima bila kinga ni dakika 15. Alafu sikio nalo linahitaji usiku wa kimya, nenda kaangalie vyumba vya kambi viko umbali gani na jenereta, usipime mgodini tu.

Nimeacha la muhimu nyuma makusudi. Hata tukikubaliana fomula, hiyo 0.04 yenyewe ni kipimo kimoja cha mtu mmoja siku moja, na vumbi kwenye mgodi linayumba siku hadi siku vibaya sana, leo maji yamefika kwenye bomba la kuchorongea kesho presha imeshuka. Wazungu wa Ulaya wana kiwango chao kinaitwa EN 689: ukiwa na vipimo vitatu, ili uruhusiwe kusema uko salama vyote vitatu viwe chini ya asilimia 10 ya limiti, vikiwa vinne chini ya 15, vitano chini ya 20. Wewe una kimoja, na kiko asilimia 80 ya limiti ambayo hata haijapunguzwa. Hiyo haiitwi salama, inaitwa hatujui na dalili sio nzuri.

Na muulize huyo mshauri swali moja tu, pampu aliiwasha saa ngapi na akaizima saa ngapi. Nimeshasimama kwenye mgodi nikaangalia hii kitu kwa macho: pampu inafungwa kwenye mkanda saa 12 asubuhi, mrija unapita begani, kichujio kwenye kola, kijana kapendeza. Anaingia kikao cha asubuhi na pampu inanguruma, anapanga foleni ya gari la kushuka, anafika sehemu ya kazi karibu saa 2. Saa 8 mchana mshauri anataka kuondoka na gari linalorudisha vyombo vya chakula, anazima pampu anashukuru anaondoka. Saa 9 bomba la maji linapasuka, kijana anachoronga mkavu mpaka saa 11 maana lengo la siku halijafika. Kwenye karatasi siku hiyo ina masaa mawili ya kikao na foleni, na haina yale masaa mawili ya vumbi. Shahidi alishaondoka.

Usikubali pia kumalizia kwa kuambiwa "wana maski". Limiti inapimwa nje ya maski, kwenye kola. Maski ni ya kukuvusha wakati unatengeneza kitu kingine, na kwa mtu mwenye ndevu za wiki mbili site haizibi vizuri hata kidogo. Kinachoshusha vumbi ni maji yenye presha, mapanka ya hewa na mifuko yake isiyotoboka, kabini iliyofungwa yenye AC inayofanya kazi. Hiyo AC naisema kwa uchungu kwa sababu ikifa dereva anafungua dirisha, na dirisha likifunguliwa ile kabini ya mamilioni inakuwa kiti tu.

Nini ufanye sasa. Andika karatasi ya ukurasa mmoja kabla hamjapima tena, iseme silika mnaipunguza kwa rosta, 0.036, au 0.031 mkitaka kuwa wakali, na isainiwe kabla majibu hayajatoka, maana fomula ikichaguliwa baada ya majibu kila mtu ataipenda ile inayompitisha. Ukiwa na bosi mgumu mkumbushe Afrika Kusini, kesi ya wachimba dhahabu waliougua mapafu ya silika iliishia kwenye makubaliano ya karibu randi bilioni 5, mahakama ya Johannesburg iliyapitisha 2019, na baadhi yao walikuwa watu waliosharudi kwao Lesotho na Msumbiji miaka mingi nyuma. Mtu haugui silika akiwa site. Anaugua akiwa nyumbani, na mara nyingi inaonekana kama TB isiyopona, ndio maana piga picha za kifua sasa mkiwa nao, ziwe na tarehe. Hapa kwetu Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 ipo, na WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ipo kwa ajili ya fidia, lakini bila rekodi ya vipimo huyo mzee wa kesho atabaki kubishana mdomo mtupu.

Alafu rudia vipimo kwa kundi zima la kuchoronga, angalau watu sita siku tofauti, mchana na usiku, wiki ya kwanza na ya pili ya rosta. Na huyo mshauri akirudi mwambie aje na betri ya masaa 12, na kurudi atarudi na gari la shifti, sio la chakula.